Kidole cha Mwisho cha Maximilla

Maharage ndiyo yaliyomuumbua kwanza. Maximilla Nkunzimana hakuwa ameona jua tangu akiwa na miaka minne, surua ilipopita kijijini kwao Kumsenga ikabeba macho yake, lakini kwa kupalilia nani alimuweza? Alikuwa anapiga magoti mwanzo wa tuta, vidole vinatangulia: hili jani la haragwe, lina vinyweleo, liache, hili gugu, ng'oa. Anamaliza matuta mawili wakati dada yake Mpawenimana, mwenye macho mawili mazima, bado anahangaika na moja. Sasa asubuhi hiyo ya Machi Mpawenimana kasimama kichwani mwa tuta, kapiga ukelele.

"We Maximilla! Unapalilia au unavuna? Maharage yote umeyalaza!"

"Usinitanie."

"Nikutanie na chakula? Haya, shika mwenyewe."

Akashika. Alishika asijue kashika nini. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwapo, kina joto, kinakunjika akikikunja, ila hakikumletea habari yoyote. Kilikuwa kama mtu uliyemtuma sokoni akarudi mikono mitupu, na ukimuuliza anakutazama tu.

Ganzi hiyo haikuanza siku ile, naye alijua. Kwa miezi kadhaa alikuwa anaamka mkono umekufa, anaukung'uta kama kitambaa kibichi mpaka sindano zianze kuchoma, halafu anajiambia ni baridi. Kumsenga baridi haikosekani, kwa hiyo kisingizio kilikuwa karibu.

Ikaja aibu ya pili, ya mlangoni pa kanisa. Watu wa kwao hawasalimiani kwa kupungiana. Unashika mkono, unaushikilia, unaulizwa habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za shamba, na mkono bado umo. Muda huo Maximilla alikuwa amekwisha kukutambua hata hujafungua mdomo: huyu ana sugu la jembe, huyu ana pete, huyu alijikata na panga kiganjani. Watu walikuwa wanamjia kimya makusudi, wamjaribu, na hakuwahi kukosea. Jumapili hiyo akashika mkono, akatabasamu, akaamkia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mwakeye, Bazilio!" Bazilio ni muuza pombe ya ndizi, kanisani hajulikani hata anakaa upande gani. Mkono ule ulikuwa wa katekista Tharsisi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tharsisi hakucheka.

Hayo yote Maximilla angeyameza. Maharage yanapandwa tena, na Tharsisi angenuna mpaka achoke. Kilichomkosesha usingizi ni kitabu.

Kitabu chenyewe ni kikubwa, ukikifunua kinajaza meza. Kurasa zake ni nene, hazina wino hata tone. Zina nukta nundu tu, yale madoa yaliyoinuka ambayo wasioona huyasoma kwa ncha ya kidole. Baba yao, aliyevuka kutoka Burundi akiwa kijana, akalima nchi hii mpaka akawa raia wake, alimpeleka Maximilla shule ya wasioona huko Kasulu, na wala si kwa kumpenda zaidi. Alisema huyu nyumbani atakula bure. Mpawenimana, aliyefaa kulima, akabaki kulima. Ndivyo nyumba moja ilivyokuja kuwa na dada anayeona asiyejua herufi, na dada asiyeona anayesoma.

Na kusoma alisoma! Miaka kumi na tisa Maximilla ndiye aliyekuwa akisoma somo la kwanza katika kigango chao, kanisa dogo la pale kijijini, kasimama wima kwenye mimbari, kichwa juu, kidole kinateleza, maneno yanatoka kama maji. Watoto waliokuwa wakimwita kipofu walikua, wakaoa, wakaanza kumwita Msomaji. Hakuna aliyewahi kumpa kitu kizuri kuliko jina hilo. Alikuwa tayari kugombana na mtu yeyote kwa ajili yake, na sasa aliyekuwa anamnyang'anya alikuwa kidole chake mwenyewe.

Mkono wa kushoto haukuweza kumwokoa. Aliuunguza kwenye sufuria ya uji alipokuwa mdogo, siku za kwanza za giza, kabla hajajifunza jiko liko wapi. Ngozi ya ncha za vidole ilirudi ngumu, na tangu hapo kazi ya mkono huo ilikuwa kushika mwanzo wa mstari tu. Msomaji alikuwa mmoja, na huyo mmoja kasusa.

Basi Maximilla akafanyaje? Akadanganya. Masomo ya kanisani yanazunguka: mwaka wa kwanza haya, wa pili yale, wa tatu mengine, kisha yanarudi. Kwa miaka kumi na tisa yalikuwa yamemzunguka mara sita na zaidi, mengi anayo kichwani. Akawa anapanda mimbarini, anafunua kitabu, anakitembeza kidole juu ya karatasi kwa madaha, huku anakariri. Hakuna aliyejua. Wengine walimwambia siku hizi anasoma vizuri zaidi, na kila aliposikia sifa hiyo alitamani kumpiga mtu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jumapili moja ya Aprili akasimama, akaanza. Alipofika katikati akasikia karatasi zinapekuliwa. Huku shwa, kule shwa. Wenye vijitabu vya misa walikuwa wanatafuta ukurasa. Mtu wa kwaya akamnong'oneza mwenzake. Maximilla akaendelea, maana angefanya nini, mpaka mwisho, akasema, "Neno la Bwana." Nusu ya kanisa ikajibu, "Tumshukuru Mungu." Nusu nyingine bado inapekua.

Tharsisi alimfuata nyumbani jioni ileile, akakataa hata kiti.

"Dada Maximilla, leo umetusomea Jumapili ya mwaka jana."

"Kwani Mungu wa mwaka jana alikuwa mwingine?"

"Usinijibu hivyo. Mwisho wa Juni ni sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango. Paroko atakuja, wageni watatoka Kasulu. Mimi sitaki aibu. Ukiwa sawa, utasoma. Usipokuwa sawa, Mwalimu Niyonzima yupo."

Na kweli yupo! Niyonzima alikuwa anafundisha shule ya msingi, kijana mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, anasoma kwenye simu huku kidole gumba kinasukuma kioo. Siku ya pili yake akakutana na Maximilla njiani, akamwambia kwa moyo mweupe kabisa, "Dada, usipaniki. Mimi nipo, tunasongesha." Moyo wake mweupe ndio uliozidi kumuudhi. Adui angalau unajua umtupie nini.

Ndipo akaanza kutafuta tiba. Zahanati walimpa dawa za maumivu na vitamini. Kibondo mjini walimpima sukari, hana, malaria, hana, wakamwambia, mama, huu ni umri.

"Umri gani unaoanzia kwenye kidole?" akauliza. Wakaita mgonjwa mwingine.

Muuguzi mmoja akamhurumia, akamtoa nje akamwambia kwamba Kasulu kuna hospitali yenye mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mradi fulani umemwazima mashine ya umeme ya kupima mishipa ya fahamu. Itakaa wiki chache tu, kisha inaondoka. Maximilla hakusikia neno "kupima". Alisikia "mashine ya umeme". Njia nzima ya kwenda Kasulu, mpaka wanapita Makere, alikuwa anamwambia Mpawenimana kwamba umeme ukiwasha taa, ukasaga mahindi, utashindwaje kuamsha kidole? Mpawenimana alikuwa anakubali, "Ego, ego," huku anahesabu mabati mapya ya watu dirishani.

Mtaalamu aliitwa Athuman, kijana wa ukoo wa wenye maduka pale Kasulu. Bibi yake alitoka Pangani, na alipozungumza Kiswahili kilimtoka laini, hakina haraka. Alimkalisha Maximilla, akamgeuza kiganja juu, akachukua bikari ya shuleni yenye ncha mbili alizokuwa amezifanya butu.

"Mama yangu, nakugusa hapa kwenye kidole cha shahada. Niambie ni ncha moja au mbili."

"Moja," akasema Maximilla.

"Na sasa?"

"Moja."

"Hapa je?"

"Moja."

Mpawenimana akakohoa. Kakohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Unakohoa nini?" Maximilla akamgeukia.

"Zilikuwa mbili, dada. Zote tatu."

Maximilla ndiye mtu aliyekuwa akitofautisha nukta zinazokaribiana kuliko punje za mtama, tena kidole kikiwa mbioni. Alirudisha mkono mapajani, akaukunja ngumi, akasema kwa sauti ya chini, "Leta hiyo mashine."

Athuman akambandika vipande viwili vyenye nyaya kwenye mkono, akamwonya kwamba atashtuka kidogo. Akabonyeza. Kidole gumba kikaruka. Akabonyeza tena, kikaruka tena, kinakuja na kurudi kama panzi aliyeshikwa mguu. Mpawenimana akacheka, kisha akajiziba mdomo.

"Nani kakituma?" akauliza Maximilla.

"Mimi, mama, kwa umeme."

"Wewe unakituma kinakwenda. Mimi mwenyewe nikikituma kikasome, hakiendi." Akaegemea mbele. "Ongeza."

"Mama, hii si dawa. Tunapima mwendo tu. Umeme unatoka huku kwenye kiwiko unakimbia vizuri, ukifika kifundo cha mkono unajikokota."

"Ongeza, nimekwambia! Mimi sitaki kidole kiruke, nataka kisikie!"

Hapo umeme ukakatika. Hospitali nzima ikanyamaza. Feni ikazunguka raundi za mwisho, ikasimama. Mpawenimana akasema, "Haya sasa." Jenereta ilikuwa inahudumia chumba cha upasuaji tu, kwa hiyo wakakaa pale watatu, Maximilla bado kafungwa nyaya mkononi.

Ndipo Athuman akamweleza taratibu. Kifundoni mwa mkono kuna kinjia chembamba ambamo mshipa wa fahamu unapita pamoja na kano. Miaka ya jembe, ya kutwanga, na ya kuandika kwa kutoboa nukta kwa kijisindano huku kiganja kimekaza, kinjia kimevimba, mshipa umebanwa. Ni kama bomba la kumwagilia lililokanyagwa: maji yapo kisimani, bustani ipo, katikati pana mguu wa mtu. Umeme wa mashine ile unaweza kuusukuma msuli ucheze. Mguso ni jambo jingine; mguso unatoka kidoleni unapanda kichwani, na njia ndiyo hiyo iliyokanyagwa.

"Na kichwani huko," akaendelea, "ubongo umegawa mashamba. Kila kidole na shamba lake. Mtu anayesoma kwa kidole kimoja miaka yote, ubongo hukipa kidole hicho shamba kubwa. Shamba lako la kidole hiki, mama, langu mimi haliwezi kulifikia. Ila sasa habari haziji, limelala bila kulimwa."

"Na shamba likilala?"

"Jirani husogeza mpaka."

Maximilla alielewa haraka kuliko alivyopenda. Mtu gani wa Kibondo asiyeijua habari ya mipaka?

Labda Athuman aliona uso wake ukaporomoka, akataka kumfariji. Vijana wenye elimu ndivyo walivyo, wakikosa dawa wanakupa habari. Akamweleza kwamba nchi za mbali kuna watu waliokatwa mikono, wamefungiwa mikono ya bandia yenye vifaa vya kuhisi mguso kwenye ncha za vidole. Umeme kidogo sana unapelekwa kwenye mshipa uliosalia begani, na mtu anasikia kabisa kwamba kashika kikombe, kashika mkono wa mkewe.

"Asiye na mkono anasikia?" akauliza Maximilla.

"Wachache, mama. Bado ni mambo ya utafiti."

"Asiye na mkono anasikia, na mimi mwenye mkono sisikii."

"Ndiyo hivyo, ila..."

"Sasa mwanangu, unaniambia ya nini? Umenipitisha jikoni kwa jirani ninuse nyama, halafu unanifungia mlango?"

Athuman akaomba radhi. Akasema tiba ni upasuaji mdogo, wanakata ule utepe unaoubana mshipa, lakini si pale. Angemwandikia rufaa ya kwenda Mwanza. Lini? Foleni ni ndefu. Mwezi wa tisa, akibahatika. Na mwezi wa sita je? Haiwezekani. Na akipasuliwa, kidole kitasoma? Huenda. Mshipa umebanwa siku nyingi, hawezi kumwahidi.

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayokaa. Ya Maximilla siku zote ilikuwa ya kelele, na Mpawenimana aliizoea. Aliogopa alipoona dada yake kanyamaza tu, machozi yanashuka, hayafuti.

Umeme uliporudi Athuman akasema amalizie vidole vilivyobaki, kwa sababu fomu inataka vyote. Gumba: moja, moja. Cha kati: moja. Cha pete: hajui. Akafika kidole cha mwisho.

"Mbili," akasema Maximilla, kwa kuchoka.

"Na hapa?"

"Moja."

"Hapa?"

"Mbili. Ziko karibu karibu, lakini mbili. Unanipotezea muda."

Mpawenimana hakukohoa. Athuman akarudia, akazisogeza ncha zikakaribiana zaidi, na kidole kile kikajibu sawasawa. Akaeleza kwamba kidole cha mwisho kinalishwa na mshipa mwingine, unaopita upande wake, haumo katika kile kinjia. "Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imechangamka, "huyu ni mzima kabisa. Mfundishe huyu kusoma."

"Kidole cha mwisho!" Maximilla akaangua kicheko kibaya. "Kidole cha kuchokolea sikio! Ndicho nikisimamishe mbele ya Paroko?"

Lakini akiwa njiani kurudi alikuwa anakisugua kwenye mshono wa kitenge, mbele na nyuma.

Kidole cha mwisho kilikuwa kinasikia, ila hakikujua kusoma, na hapo ndipo watu wengi wasioelewa wanadhani ni mamoja. Alipokiweka kwenye karatasi kilisikia kokoto. Kokoto hapa, kokoto pale, herufi hakuna. Yeye anayejua kila herufi kwa moyo, hajui hata moja kwa kidole kile! Siku ya kwanza alisoma neno moja na nusu. Mkono ilibidi aupinde kwa ubavu, kifundo kikamuuma, shingo ikamuuma. Siku ya nne akakitupa kitabu uani, kuku wakaruka. Mpawenimana akaacha maharage aliyokuwa anapukuchua, akakiokota, akakipangusa vumbi.

"Yule wa kwanza ulimsomesha muda gani?" akauliza.

"Miaka miwili."

"Huyu ana siku nne, unataka akupe digrii."

"Nyamaza, wewe usiyejua hata a."

"Ndiyo, sijui. Na sijakitupa kitabu cha mtu."

Maximilla akanyoosha mkono, akarudishiwa kitabu. Mei ikapita hivyo, matusi kidogo, mistari kidogo. Wiki ya tatu kokoto zikaanza kukaa kwa makundi. Wiki ya sita akasoma sentensi nzima, akaisoma tena ahakikishe hajabahatisha. Ila mwendo! Mwendo ulikuwa wa kinyonga mwenye jipu.

Wiki moja kabla ya sikukuu Niyonzima akaja na simu yake. "Dada, hebu tusijichoshe. Nikusomee hilo somo mara tatu, nne, wewe una kichwa, unalikariri. Siku yenyewe unatiririka tu. Nani atajua?"

Shetani ana sauti nzuri, na mara nyingi ana nia njema. Maximilla alikuwa anaikumbuka ile Jumapili ya Aprili, karatasi zinavyopekuliwa huku yeye anatiririka. Kilichomuuma siku ile haikuwa aibu peke yake. Alikuwa amepotea na hakujua kama kapotea. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake, nacho hakikuweza kumwambia kitu.

"Asante mwalimu," akasema. "Nitasoma."

Siku ikafika. Paroko kaja, wageni wamekaa mbele, kanisa limefurika mpaka madirishani. Maximilla akapanda mimbarini, akashika mwanzo wa mstari kwa mkono wa kushoto, akaulaza wa kulia ubavu, akashusha kidole cha mwisho. Somo lilikuwa la watu waliokuwa wakisafiri jangwani wakaishiwa maji. Akaanza.

Neno. Kimya. Neno. Maneno mawili. Kimya. Mwanzoni watu walidhani anatia mkazo. Mstari wa pili wakaelewa. Mtoto akalia, akatolewa. Benchi likalia. Simu ya mtu ikaita, ikazimwa. Alipofika mahali akakwama, akarudi nyuma kutafuta herufi, mwalimu wa kwaya akafikiri kamaliza, akaanzisha wimbo. Kinanda kikatoa sauti mbili. Maximilla akainua mkono wa kushoto juu, vidole vitano vimenyooka, na wimbo ukafa. Ikambidi autafute tena mwanzo wa mstari. Akautafuta kanisa zima linamtazama, jasho linamdondoka kidevuni. Akaupata. Hakuruka hata neno moja. Somo la dakika mbili lilichukua dakika kumi na moja. Tharsisi alizihesabu kwenye saa yake. "Neno la Bwana," akasema Maximilla mwishowe, na kanisa likajibu, "Tumshukuru Mungu!" kwa nguvu ambayo haijawahi kusikika pale. Walikuwa wanashukuru limekwisha.

Niyonzima akasoma somo la pili. Lilipita kama upepo, watu wakajinyoosha.

Baada ya misa, watu wakila ugali na nyama ya mbuzi uani, Tharsisi akamjia akiwa na wanakamati wawili. Safari hii akakaa.

"Dada Maximilla, kamati imekaa. Umetumikia sana, Mungu atakulipa. Tumeonelea upumzike, Mwalimu Niyonzima achukue."

"Nimekosea neno lipi leo?"

"Hukukosea."

"Nimeruka mstari?"

"Hukuruka. Lakini dada, watu wamechoka. Ulikuwa unasoma vizuri sana wewe! Mwezi wa tatu tu ulikuwa unatiririka kama maji."

Maximilla akaweka sahani chini.

"Tharsisi, mwezi wa tatu sikuwa nasoma. Kidole kilikuwa kimekufa. Nilikuwa nawakariria, nawadanganya Jumapili kwa Jumapili, nanyi mnanisifu. Leo ndiyo nimesoma. Kila neno mlilolisikia leo limetoka kwenye karatasi."

Wanakamati wakatazamana. Tharsisi akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ratiba.

"Sasa dada," akasema kwa upole kabisa, "kwa nini hukuendelea vilevile?"

Akamwekea mkono begani kidogo, akaondoka kwenda kuwaaga wageni. Maximilla akakaa pale. Alitaka kupiga kelele, na kelele ikagoma. Alitaka kusimama awaeleze, lakini amweleze nani, na aanzie wapi? Kwenye mshipa? Kwenye mashamba ya kichwani? Akamwomba Mpawenimana amshike mkono waende nyumbani, na mkono wa dada yake, mkono wa maisha yake yote, aliushika kwa vidole visivyoujua, mpaka akausogeza ubavuni, kwenye kidole cha mwisho, ndipo akausikia: sugu, na ule mkwaruzo wa maganda ya maharage.

Nyumbani alikaa kwenye mkeka uani, kitabu kimefungwa mapajani, akalia. Alilia kwa hasira tupu, wala hakujificha. Mpawenimana hakumwambia pole. Alivuta ungo wake, akaanza kupukuchua. Ikapita saa nzima.

"Maximilla."

"Nini?"

"Wale watu wa jangwani. Walipata maji?"

"Watu gani?"

"Wa kwenye somo. Miaka yote hiyo ulikuwa unapita nao mbio, mimi nasikia sauti yako tu, nasema dada yangu anajua. Leo ndiyo nimewasikia wenyewe. Wana kiu, wanagombana, halafu ukasema Neno la Bwana. Sasa walipata au walikufa?"

Maximilla akageuza uso upande ilikotoka sauti. "Yanaendelea Jumapili ijayo."

"Jumapili ijayo anasoma Niyonzima. Yule hasikiki, anakimbia. Nisomee sasa."

Maximilla akajifuta uso kwa kiganja. Akafunua kitabu, akapapasa kwa mkono wa kushoto mpaka akaupata ukurasa, akaulaza mkono wa kulia ubavu. Kidole cha mwisho kikashuka, kikasimama, kikarudi nyuma kidogo.

"Enhe?" akasema Mpawenimana, maharage yametulia mikononi. "Walipata?"

"Subiri, wewe! Bado sijafika."